Uvundo Kwenye Fuawe

Loretta alirudi Kentucky kutoka kumzika mama yake, akakuta karakana yake ya uhunzi inanuka uvundo. Binamu yake Dwight, ambaye Loretta alimwachia funguo kwa wiki mbili, alikuwa amechunia sungura wake wa mawindo juu ya fuawe. Mafuta na manyoya yaligandia pale Loretta anapofulia chuma, na matumbo yalielea kwenye pipa la maji ya kupozea.

“Ah, dada, si damu tu hiyo!” Dwight alicheka.

“Mchafu wewe! Shika koleo, uopoe matumbo hayo moja moja.”

Kufikia utumbo wa tatu, Dwight alitapika. Loretta hakumwonea huruma. Alimsimamia mpaka pipa likasafika, akampokonya funguo. Hata mkono wa kuagana hakumpa, alimkinai.