Ng'ombe wa Balozi

Baba mkwe wangu, mzee Rudasingwa, alinikosesha ovataimu ya Jumamosi kiwandani Tonawanda, na mpaka leo hajaniomba radhi. Sisemi kwa kinyongo. Naeleza tu jinsi ilivyokuwa.

Ilianza kwa simu kutoka Louisville. Leya, mpwa wake anayekaa huko, mtaa wa Beechmont, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku hiyo aliingia chumba cha mzungu mmoja mgeni kubadilisha mashuka, akaona picha ukutani. Mzungu ameshika kamba ya mtamba, na kando yake amesimama mwanamume mrefu mwenye kofia na fimbo. Mwanamume yule alikuwa Rudasingwa mwenyewe, miaka thelathini na kitu iliyopita.

Mzungu anaitwa Merle Haskett. Leya alitusomea habari zake zote, sisi huku Buffalo tumeizunguka simu mezani. Kumbe kazaliwa hapahapa Tonawanda, baba yake mtu wa kiwandani kama mimi. Akasomea sheria Columbus, akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, akapanda mpaka Washington, akakaa mihula mitatu, kisha wapiga kura wakamchoka. Alipoanguka akapewa ubalozi Kinshasa, enzi za Zaire. Nilicheka. Nilidhani kumtupia ubalozi mtu aliyeanguka uchaguzi ni mambo ya kwetu tu.

Akiwa balozi ndipo alipopanda kandege kadogo mpaka milimani kwa Banyamulenge, watu wa mke wangu, kufungua zahanati. Baba mkwe akamzawadia mtamba, jina lake Bihogo.

"Hakumubeba," mzee alisema. "Ndege ilikuwa kadogo. Alituachia, sisi tumuchungie."

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Ng'ombe nilikuwa nawaona wakipita. Lakini kwa wakwe zangu, ng'ombe aliyepewa mgeni ni wa mgeni hata akikaa kwako miaka hamsini, na akizaa, uzao wote ni wa mgeni. Bihogo alizaa, binti zake wakazaa, wakafika arobaini na mmoja. Sasa hakuna hata mmoja.

"Donc lazima niende," mzee akasema, akainuka kutafuta viatu.

Kila mtu Buffalo alielewa anakokwenda na anachokwenda kuomba. Mdogo wa mke wangu, Ruta, yuko kambini Uganda mwaka wa kumi na moja, na kesi yake ya kuletwa Marekani imesimama. Balozi, hata akiwa mzee wa kitandani, bado anajuana na wakubwa. Mke wangu, Umuhoza, alikusanya karatasi zote za Ruta kwenye bahasha, akaitia mfukoni mwa koti langu na kufunga zipu mwenyewe.

"Dionizi," akasema, "usirudi nayo."

Siku zote huniita Baba Ange. Akiniita Dionizi, hapo hakuna mjadala.

Tukaondoka Buffalo asubuhi. Radio alinizimia. Saa tano nzima mpaka Columbus alikuwa ananong'ona majina ya ng'ombe, akikosea anaanza upya kwa Bihogo. Mungu anisamehe, nilitamani arobaini wafe njiani abaki mmoja.

Tulisimama Northland, mtaa wa Columbus, kwenye duka la Mizero, barabara ya Morse, tule. Ala! Habari ilikuwa imetutangulia. Watu sita walikuwa wanatungoja kati ya magunia ya unga, kila mmoja na bahasha yake. "Mzee, umpe na hii." Rudasingwa alizipokea kwa mikono miwili, akazibusu moja moja, akawarudishia wote.

"Mi naenda kumuambia ngombe yake ilikwisha," akasema. "Ngombe ya muntu ikikufia mu mukono, unaendaka wewe mwenyewe, unasemaka na kinywa yako. Na siku ile hauombake kitu."

Garini nilipasuka. "Baba, na Ruta je? Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini wewe unakwenda na mkono mtupu na mdomo umefungwa! Miaka kumi na moja! Ng'ombe wamekufa, Ruta yuko hai!"

"Mukwe wangu," akasema, "angalia barabara."

Niliiangalia mpaka Louisville. Nikajiapiza moyoni: wewe sema ya ng'ombe wako, mimi nitafungua zipu.

Balozi Haskett tulimkuta kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, amenyolewa vizuri. Leya alipomweleza sisi ni nani, aliinyooshea picha kidole, akacheka mpaka akakohoa. Leya akatutafsiria: stori ya yule ng'ombe aliisimulia kwenye kila karamu, na watu walikuwa wakicheka.

Rudasingwa hakucheka. Alivua kofia, akaegemea fimbo, akaanza. Bihogo alikufa kwa uzee, aliacha binti wanne. Gaju alipigwa na radi. Huyu ugonjwa wa miguu. Wale saba walichukuliwa vita ya kwanza, hawa kumi na wawili vita iliyofuata. Leya alikuwa anatafsiri polepole. Kufika ng'ombe wa sita, balozi alikuwa ameacha kutabasamu. Kufika wa ishirini, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wa mwisho, Gitare," mzee akasema. "Walimukutia ku mto. Mwenye kumuchunga alikuwa Nshuti, mutoto wangu wa kwanza. Alikatala kuachilia kamba. Alisema ngombe haiko yetu, ni ya mugeni. Walimuua pale. Gitare wakamupeleka. Bon. Nimemaliza."

Leya alishindwa kutafsiri. Akafuta macho kwa mkono wa sare yake, ndipo akaweza. Mimi nilijua mke wangu alifiwa na kaka yake mkubwa. Alivyokufa, hakuna aliyewahi kuniambia, na miaka tisa ndani ya nyumba moja sikumsikia mzee akilitaja jina lile. Niliona aibu, nikautoa mkono mfukoni bila bahasha.

Balozi aliuliza swali moja tu: alikuwa na umri gani? Ishirini na minne. Akaliondoa blanketi, akashika chuma cha kitanda. Leya akamkataza, maana alianguka Januari na tangu hapo haruhusiwi kusimama. Hakumsikiliza. Akasimama, akasema, na Leya akatupa kwa Kiswahili:

"Ya ng'ombe nimeyasikia. Ya Nshuti, mimi ndiye niliyepaswa kuja kwako."

Baba mkwe akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Wakakaa hivyo, wazee wawili wima, mpaka Leya akawasihi kwa ajili ya magoti yao.

Garini mzee akavaa kofia. "Bahasha uliitoa?"

"Hapana, Baba."

"Vizuri. Kesho utarudia nayo kwa balozi, wewe peke. Leo ilikuwa siku ya Nshuti."

Nikampigia Umuhoza kumwambia tunalala kwa Leya.

"Amepokea karatasi?" akauliza hata kabla ya salamu.

"Bado. Leo baba yako amemtaja Nshuti."



"Amemtaja? Kwa jina?"

"Kwa jina. Mbele yetu wote."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Basi, Baba Ange," akasema, "kaeni huko hata siku tatu."