Mama wa Kwenye Shuka

Boti ya serikali iliyoleta sinema Mbwera ndiyo iliyokuwa imchukue Johari kesho yake asubuhi, maji yakijaa. Mambo yalikwisha pangwa. Shemeji yake Huseni alikwenda mwenyewe kwa karani, akatia dole gumba, na karatasi sasa ilikuwa mfukoni mwake: mke wa ndugu yake apelekwe bara, kwenye nyumba ya wendawazimu. Serikali ile ile iliyokuwa haileti kidonge cha homa mpaka iombwe mara saba, kwenye kumchukua mtu ilikuwa nyepesi ajabu.

Kosa la Johari ni kwamba mara nyingine hakuwa yeye. Yuko anapepeta mpunga, shingo inaingia baridi, halafu hajui tena. Akizinduka anaambiwa alipanda juu ya dungu la kulindia shamba, akalia kwa sauti ya kitoto na kumng'ata kila aliyemsogelea. Mganga alimpigia ngoma za mapepo yote anayoyajua, siku saba, asipande hata mmoja. "Huyu hana pepo," akasema, akafunga mkoba wake. "Huyu ni kichaa." Tangu hapo, hali ikimjia, walimfunga mikono kwa kamba wakangoja ipite.

Baada ya sala ya isha watu walijaa uwanjani. Johari aliketi kati ya mumewe Sadala na mama mkwe wake Mwanaamina, aliyemshika pindo la kanga asije akatoroka. Mbele yao shuka kubwa jeupe lilitundikwa kwenye nguzo mbili. Bashiru, mfasiri aliyekuja na mashine kutoka Dar es Salaam, akashika kipaza sauti.

"Mama huyu wa Kizungu ana watu wawili ndani yake. Huo ni ugonjwa wa akili. Mambo ya pepo hakuna. Tazameni, mjifunze."

Kwenye shuka, mama wa Kizungu alikuwa anamimina chai. Ghafla macho yakambadilika, akavunja kikombe, akasema kwa sauti nyingine kabisa. Wenzake wakakimbia. Daktari akaja na sindano, na wanaume wawili wakamfunga yule mama mikono.

"He! Wamfunga!"

"Wewe daktari, mgeni aliyempanda hujamsalimu, wamchoma sindano?"

"Hana adabu huyo. Kasomea wapi?"

Aliyewashinda wote kwa sauti ni Huseni. Alisimama kabisa. "Muulize jina lake, we mzee! Mtu kakujia, hujamuuliza hata jina, wamfunga kama ng'ombe wa kuchinjwa?"

Watu wakamshangilia. Kina mama wawili wakakimbia nyumbani, wakarudi na chetezo cha udi na chupa ya marashi, wakaviweka chini ya shuka ili yule mgeni wa mama wa Kizungu apate kukaribishwa.

"Kina mama, hiyo ni picha!" Bashiru akalalama. "Huyo hawasikii nyie!"

"Weye fasiri tu," mmoja akamjibu. "Mwambie karibu."

Johari hakucheka. Maisha yake yote hakuwahi kumwona mwingine kama yeye. Kumbe tuko wawili, akajisemea, na kijiji kizima kinamtetea mwenzangu! Akataka kuwashukuru. Ndipo shingo ikaingia baridi.

Alipozinduka alikuwa amelala mkekani, uso umelowa marashi. Kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yake. Haikuwa na alama ya kamba. Sadala alikuwa ameushika mmoja, analia.

"Nimefanya nini?"

"Ulipanda nguzo ya shuka, mke wangu. Ukalia. Kaka akaagiza kamba."

"Mie nikamwambia, Huseni!" Mwanaamina akadakia. "Sasa hivi umemtukana daktari wa watu kwa ajili ya kamba, na sote tumekusikia. Huyu wako mbona hujamuuliza jina? Watu wakacheka weye, wakamtania: 'Muulize, daktari!' Ikambidi aulize."

"Nikasema nini?"

"Ukasema, 'Mama kanikataza kulisema.'" Mwanaamina akamfuta marashi usoni. "Hapo nikajua ni yule mtoto wa mwaka wa moto."

Mwaka ule haukuandikwa popote na serikali, lakini watu wa delta wanaukumbuka. Askari wa msitu walichoma nyumba za wakata mikoko, kwa kuwa miti ya mababu ilikuwa imegeuka mali ya Mfalme wa Kiingereza. Kina mama waliwaficha watoto ndani ya mikoko, wakawaambia wasimtajie mtu hata majina yao. Johari alikuwa na miaka saba. Mama yake aliporudi, maji yalikuwa yamemfika mtoto kidevuni.

"Nikakwambia, 'Askari wamekwenda, mwanangu. Maji yanapwa. Sema.' Ukasema, 'Johari.' Ukashuka mwenyewe, ukanikumbatia," Mwanaamina akamalizia.

Huseni alikuwa amesimama kando, kichwa chini. Akasogea, akatoa karatasi mfukoni, akaichana vipande vinne.

"Shemeji, nisamehe. Akija tena, mie nitamsalimu."

Asubuhi, maji yakijaa, Johari alifika gatini na mkate wa kumimina, bado wa moto, umefungwa kwenye jani la mgomba.

"Kaka Bashiru, mpelekee yule mama. Mwambie Johari wa Mbwera anashukuru. Na yule daktari mwambie amuulize jina."

Bashiru akafungua kinywa aeleze tena kwamba picha ni picha. Akautazama mkate. Akamtazama Johari, ambaye nafasi yake kwenye boti ilikuwa tupu, na pembeni yake Huseni, aliyembebea kapu.

"Nitamfikishia, dada."

"Usiule njiani."

"Siuli."

Ile baridi ya shingo ilirudi mara nyingi baadaye, na kila mara alikuwapo mtu wa kusema maji yanapwa. Johari alishukuru mpaka uzeeni: kwanza Mungu, kisha watu wa Mbwera, kisha mama wa kwenye shuka. Serikali hakuitaja. Serikali ilileta mashine tu.