Chupa ya Tatu Kutoka Dirishani

Kitu cha kwanza Tecla alichokiona ni vidole. Mzee Ottavio Zanin, mchoraji ambaye Tecla alikuwa amempikia na kumfulia kwa miaka minne, alikuwa akipapasa rafu ya rangi kuanzia dirishani: moja, mbili, tatu. Akashika chupa ya tatu, akamwaga unga wake juu ya kioo cha kukandia rangi bila kuutazama.

Ilikuwa Jumanne, siku moja baada ya padri kupita kubariki nyumba kwa ajili ya Pasaka. Kama wanawake wote wa mji wa Bassano, Tecla alikuwa amesugua kila pembe kabla ya baraka, hata rafu ile ambayo haikuwa imefutwa vumbi kwa miaka. Alishusha chupa zote, akazifuta, akazipanga upya kwa ukubwa. Pale palipokuwa na buluu sasa palikuwa na udongo wa kahawia.

Mzee aliukanda unga kwa mafuta ya kitani, akaupaka kwenye turubai la kuchorea lililomzidi kimo.

"Unaionaje buluu yangu, we bubu?" aliuliza, akimtania kwa uchache wa maneno yake. "Mlima Grappa baada ya mvua. Au siyo?"

Tecla aliitazama ile kahawia. Ndipo alipoelewa kwamba macho ya mzee yamekwisha, na kwamba anaficha.

"Nzuri, Maestro."

"Nzuri tu? Maharage yako mwenyewe unayasifu kuliko hivyo."

Kumwambia chupa zimehama kulikuwa sawa na kumwambia haoni. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa wiki, na turubai likazidi kunywa kahawia, tabaka juu ya tabaka. Kwa miaka arobaini mzee alikuwa amechora rangi tupu, bila mtu wala nyumba ndani yake, akiitafuta buluu hiyo moja. Sasa alipaka huku akiimba kwa sauti ya chini. Tecla hakuwahi kumwona na furaha namna ile.

"Picha hii ndiyo ya mwisho," alisema mzee. "Nikiimaliza naenda kucheza karata na wazee wenzangu mpaka nife. Na nitawaibia."

Mwezi wa Mei, Loredana, mwenye ukumbi wa maonyesho, alikuja kuichukua. Akaitazama kutoka pembe hadi pembe.

"Ottavio, mwenzangu, umeniweza. Miaka yote buluu, buluu, leo unaniletea udongo. Kama shamba lililolimwa jana."

"Udongo," alisema mzee. Mkono wake ukatafuta kiti, ukakikosa. Tecla akakisogeza.

"Watu watashangaa, lakini wataipenda."

"Haiendi popote. Igeuzeni itazame ukuta."

Loredana alibembeleza, akachoka, akaondoka. Turubai likabaki limegeuzwa mgongo. Mzee aliketi, viganja juu ya magoti, rangi ikiwa imekauka kwenye kucha.

"Daktari alisema kufika mwezi wa Agosti sitaona hata mwanga wa dirisha," alisema. "Nikasema si kitu, mkono unajua njia. Kumbe nao umenitupa. Tecla, hata mkono."

Tecla alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya supu. Angeweza kunyamaza, kama siku zote. Akaiweka sahani chini.

"Mkono wako haukukosea, Maestro. Mimi nilizihamisha chupa. Na nilijua tangu siku ya kwanza kwamba unapaka kahawia."