Watazamaji Sitini wa Afande Mugenyi

Biira wa Kilembe alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya kuchagua filamu. Siyo kutengeneza, kuchagua: ipi ianze, ipi ifuate, na kwa nini. Shangazi yake Kabugho alipoelezwa, alisonya.

"Miaka miwili? Mimi nachagua mchele kila siku, na hakuna mutu alinivalisha joho."

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu. Aonyeshe filamu alizozipanga mwenyewe, kisha watazamaji wazijadili nusu saa, na maongezi yarekodiwe. Bila rekodi, hakuna shahada. Chuo kiliitaka Jumatatu.

Alishajaribu katika ukumbi wa soko la Bwera. Filamu ya kwanza ilikuwa ukungu unapanda mlimani, dakika tisa. Kufika dakika ya nne, ukumbini alibaki Biira, projekta, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja mvua iishe.

Ndipo akaenda kambi ya jeshi, akaingia kwa mkuu wa kambi, Afande Mugenyi.

"Unataka watu ngapi?"

"Hata ishirini tu, afande."

"Nitakupa sitini. Na hakuna mutu itatoka."

Jumapili baada ya ibada bwalo lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya jeshi, askari na wake zao wakakaa mistari iliyonyooka kama wako paredi. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, Afande.

"Filamu... anza!" akaamuru Sajini Semu.

Ukungu ukapanda, hakuna aliyekohoa. Biira nusura alie kwa furaha. Ikafuata filamu ya pili: mama anapandisha maji kilimani, jerikani kichwani, dakika kumi na mbili, bila neno. Bwalo kimya, isipokuwa mkoromo mmoja mnene kutoka kiti cha mbele.

Taa zikawaka. Biira akabonyeza kurekodi.

"Haya, mmeona nini?"

Akaitazama mistari, akaongeza:

"Jibu lolote ni sawa."

Watu wote wakatazama kiti chenye mto. Semu akamnong'oneza Biira, "Madam, hapa mukubwa ndio anaongea ya kwanza. Sisi tukisema ni nzuri, halafu yeye aseme ni mbaya, tutaenda wapi?"

"Basi mwamshe."

"Mimi?" Semu akarudi nyuma hatua mbili.

Dakika kumi na moja za rekodi zikaenda hivyo, mkoromo na kunguru juu ya bati. Biira akaona joho linampita hivi hivi. Akairudisha filamu ya maji mwanzo, akafungulia sauti mpaka mwisho. Nyayo za yule mama zikatetemesha bwalo.

Afande akashtuka, akakaa wima, akajifanya hakulala. Safari hii akaangalia yote. Kisha akasimama.

"Filamu nzuri. Lakini iko na kosa. Huyu mama anabeba maji peke yake wakati yote hii. Bwana yake iko wapi?"

Kutoka mstari wa akina mama sauti ikajibu. Nabukenya, mke wake mwenyewe.

"Iko pale mbele, afande, kwa kiti ya mto. Amelala."

Vichwa vyote vikageukia mbele. Halafu mabega ya Afande yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, na bwalo likapasuka.

"Labda bwana iko kazini!" akatetea askari Nobert.

"Kazi gani? Kiatu yako unapigiwa rangi na mimi!" mkewe akamrudishia.

Mama mmoja, Kiiza, akasimama juu ya benchi. "Munasahau ile ukungu ya kwanza! Ile ndio ilimudanganya. Hakuona mulima ni murefu, ndio maana alikubali kuolewa!"

Biira akaduwaa. Yeye alikuwa ameandika kurasa sita kueleza kwa nini ukungu utangulie maji.

Nusu saa ikapita, ikawa saa nzima. Akainua mkono. "Asanteni sana, sasa tunaweza kufunga..."

"Keti, madam," akasema Afande, amevua kofia, jasho linamtiririka. "Mimi bado najitetea."