Mtani Aliyecheka

Minata hakuwahi kucheka utani wa mumewe hata siku moja. Lasina Zerbo akianza tu kumtukana Mmosi mnadani, mkewe hujitanda mtandio mpaka machoni kwa aibu.

"Mama Abi, hujui raha wewe," humwambia.

Wasamo na Wamosi ni watani tangu enzi za mababu. Msamo humwita mwenzake mtumwa, Mmosi humjibu mla vichwa vya mbwa, kisha hugawana kokwa za kola wakatafuna. Lasina alikuwa bingwa na siri ya mchezo aliijua: tusi liwe uongo ambao nyote wawili mnajua ni uongo, ulitamke kwa uso mkavu, na mwenzako arudishe. Asiporudisha, umemtukana tu.

Siku hiyo walikuwa wakitoka mnadani na mkokoteni wa punda. Vijana wawili wenye bunduki, nyuso zimefungwa vilemba, wakachomoza kwenye mtama. Njia hiyo ilikuwa imeshameza watu, na hakuna aliyerudi kusimulia.

"Shukeni! Pigeni magoti!" mmoja akafoka, kwa Kimosi cha nyumbani kabisa.

Ulimi wa Lasina ulikuwa na mazoea yake.

"We mtumwa! Nani kakupa bunduki bila kuniuliza mimi bwana wako?"

Yule mwingine akakoki bunduki. Minata keshajifunika uso mzima.

"Mla mbwa wewe," Mmosi akasema taratibu. "Kichwa cha mbwa wangu umekificha wapi?"

"Nimempa punda huyu. Hebu msalimie mjomba wako, huna adabu?"

Kijana akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Lasina naye akacheka, akimshukuru Mungu. Mtani hamwagi damu ya mtani. Hilo hata mwizi analijua. Machozi yakamtoka yule kijana, akateremsha kilemba ajifute.

Alikuwa Rasmane, mtoto wa fundi baiskeli wa pale pale mnadani.

Kicheko cha Lasina kikakatika. Miaka yote uso wake ulikuwa mkavu alipoutaka uwe mkavu, na leo ulimsaliti.

"Umenijua, babu," Rasmane akasema.

"Nikujue wewe? Watumwa wote sura moja."

Ulikuwa utani mzuri. Hakuna aliyecheka.

Rasmane akafunga tena kilemba chake, akamtazama Minata. "Mama huyu hajaona kitu. Aende zake." Kisha akamgeukia mwenzake, ambaye hakuwa Mmosi. "Huyu mzee mimi siwezi kummaliza. Ni mtani wangu."

Akaenda kusimama nyuma ya mkokoteni, akawapa mgongo.

Minata akaanza kuupapasa mtandio, amtazame mumewe.

"Usifunue, Mama Abi," Lasina akasema. "Nakuomba. Jitande hivyo hivyo mpaka nyumbani."

Alimwona akiuvuta tena mtandio. Ndipo Lasina akapiga magoti, kama alivyoamriwa tangu mwanzo.