Mwanangu Mkubwa

"Nilitaka wamtishe tu! Mnanitazama kama nimeua! Wamtishe, wamkanye, jioni arudi kwao!"

"Mtu akitaka mtoto atishwe anamwita mjomba wake. Anamwita mwalimu. Haiti polisi!"

Mama Pacha alikuwa amesimama bombani, ndoo yake imejaa na maji yanamwagika, na hakuna aliyethubutu kumwambia afunge koki. Nyumba nzima ya vyumba kumi ilikuwa uani. Muuza mkaa alikuwa na mswaki mdomoni, amesahau kusugua. Ugomvi wa asubuhi ni kama chai. Ukiukosa utashinda na kichwa kizito.

Aliyekuwa akimfokea ni Fundi, mwanamke mshona nguo wa chumba cha tatu, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Siku ya tatu hiyo hajalala.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alhamisi simu ya Mama Pacha ilipotea. Mtu wa mwisho kuonekana chumbani kwake alikuwa binti wa Fundi, mwenye miaka kumi na minne, ambaye nyumba nzima walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho na hakunyamaza mpaka usingizi umkabe. Ijumaa polisi wakaja wakamchukua. Leo Jumatatu, Mama Pacha anachota unga awapikie mapacha wake uji, kikombe kikagonga kitu kigumu. Simu, ndani ya ndoo ya unga, imepauka kama mzuka. Mapacha, wenye miaka mitatu, wakacheka mpaka wakaanguka.

"Haya, maneno hayatamtoa mtoto," alisema muuza mkaa, akitema povu. "Nendeni kituoni mkaseme simu imeonekana. Yataisha."

Wakaenda, mguu kwa mguu, hawasemezani. Fundi alibeba mfuko wa nailoni wenye kila karatasi ya nyumba, kama wafanyavyo watu wanaokwenda serikalini wasijue wataulizwa nini.

Sajini wa kaunta aliwasikiliza huku akichonga penseli kwa wembe.

"Simu imeonekana, afande," Mama Pacha alisema. "Ilikuwa kwenye unga. Nimesamehe. Yaani hata hakuna cha kusamehe."

"Hongera."

"Basi mtoto atoke."

"Kesi si nguo uliyoianika mwenyewe, mama, ukaianua unapotaka. Ijumaa mlalamikaji ulikuwa wewe. Leo mlalamikaji ni serikali. Wewe umeshakuwa shahidi." Akanyoosha mkono. "Simu iko wapi? Hicho ni kidhibiti."

Akaipangusa unga, akaitia kwenye bahasha, akaandika namba juu yake. Mama Pacha alibaki na mkono mtupu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Na mwanangu?" Fundi aliuliza. "Mtoto anaweza kulala siku tatu kituoni?"

"Mtoto gani? Hapa hatuna mtoto. Tulikuwa na wakubwa watano, wameshapelekwa mahakamani." Alikigeuza kitabu, akaweka ncha ya penseli kwenye mstari. Jinsia: mwanamke. Umri: mtu mzima.

"Nani kasema ni mtu mzima?"

"Wewe."

Fundi akataka kucheka. Halafu Ijumaa ikamrudia. Alikuwa amesimama hapa hapa, anahema, na sajini huyu huyu akamuuliza, "Huyu ni nani wako?" Akajibu, "Mwanangu, afande. Mwanangu mkubwa." Sajini akauliza, "Mkubwa?" Naye akaitikia, "Mkubwa, ndiyo." Alidhani neno lile lingemsaidia. Alikuwa na watoto watatu, na mkubwa ndiye aliyewaogesha wadogo zake, ndiye aliyewapeleka shule. Alitaka afande ajue anachukua nguzo ya nyumba.

"Afande, mkubwa maana yake wa kwanza kuzaliwa!"

"Leo mimi ndiye wa kufundishwa Kiswahili? Nilikuuliza mara mbili."

"Basi futa."

"Kitabu cha serikali hakifutwi. Kamwambie hakimu."

Mahakamani walimkuta Chiriku amekwisha kupandishwa kizimbani, pembeni ya wanawake wanne. Alikuwa mrefu kuliko wawili wao. Urefu aliurithi kwa marehemu baba yake, na haukuwa umemletea chochote zaidi ya kuitwa kufunga mapazia ya watu. Alimwona mama yake, akainua mkono kidogo, akaushusha.

"Una miaka mingapi?" hakimu aliuliza.

"Kumi na minne."

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alisema bila kuinuka vizuri, "wote wakifika hapa wana miaka kumi na minne."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Fundi akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemzaa! Na hilo gauni nimelishona mimi. Tazameni upindo!"

"Upindo gani?"

"Wa chini, mheshimiwa. Vidole vinne. Nguo ya mtoto hushonwa na upindo mpana ili akikua ushushwe. Mtu mzima anashonewa upindo wa kidole kimoja, maana haendi popote. Nani anamshonea mtu mzima upindo wa vidole vinne? Kitambaa chenyewe ghali!"

Hakimu akainama mbele akautazama upindo. Kweli aliutazama. Chiriku akalivuta gauni nyuma kwa aibu.

"Upindo si cheti, mama. Una cheti cha kuzaliwa?"

Hakuwa nacho. Alikuwa na kadi ya kliniki iliyonyeshewa msimu paa lilipotoboka. Uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi ulisomeka wote, tarehe haikusomeka hata moja. Alikuwa na fomu ya shule. Mwendesha mashtaka akaisoma kwa sauti: umri, kwa maelezo ya mzazi.

"Na mzazi mwenyewe, mheshimiwa, maelezo yake polisi ni kwamba ni mkubwa."

"Mheshimiwa, simu imeonekana kwenye unga!" Mama Pacha alipaza sauti kutoka benchi la nyuma.

"Na wewe ni nani?"

"Mwenye simu. Yaani... shahidi."

"Shahidi asubiri siku ya ushahidi."

Ikaamriwa mshtakiwa apimwe umri katika hospitali ya serikali, kesi itajwe baada ya wiki mbili. Mpaka hapo, arudi mahabusu ya wanawake.

Kuanzia siku ile miguu ya Fundi haikupata kituo. Cherehani aliifunika khanga, sare za watoto wa watu zikabaki mikono kule, kola kule. Hospitali walimwambia, mlete tumpime, mbona kazi ya nusu saa. Gereza wakamwambia mahabusu hatembezwi kama mbuzi. Anahitaji gari na askari wawili, na gari lenyewe limelala gereji. Gereji hakwenda, lakini alifikiria kwenda.

Mtu akamwelekeza kwa afisa ustawi wa watoto, mwanamke mpole mwenye ofisi iliyobandikwa picha za watoto wanaotabasamu. Yeye gari alikuwa nalo. Lilionekana dirishani, limeegeshwa chini ya kivuli, jeupe, safi.

"Dada yangu, pole sana," afisa alisema. "Sheria iko wazi kabisa. Mtoto hachanganywi na wakubwa. Hata usiku mmoja."

"Ndiyo hivyo hivyo, dada. Basi mkamchukue."

"Tatizo, kwenye karatasi yeye si mtoto."

"Akipimwa karatasi itabadilika. Mpelekeni mkampime."

"Gari letu linabeba watoto tu."

Fundi alimtazama. Akatazama gari. "Kwa hiyo awe mtoto kwanza, ndipo mumpeleke akapimwe kama ni mtoto."

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya," afisa alisema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. Akampa fomu.

Wiki mbili zikaisha. Kesi ikatajwa, kwa maana ya kutajwa tu: karani akalitaja jina, hakimu akaitaja tarehe nyingine. Ilipotajwa mara ya pili hakimu alikuwa semina. Mara ya tatu mwendesha mashtaka aliomba muda, jalada halijaonekana. Mama Pacha alikwenda mara zote, amevaa vizuri, ushahidi wake umemjaa kinywani kama maji, na mara zote akarudi nao. Siku hizi alikuwa analea wadogo zake Chiriku pamoja na mapacha, na hakuna aliyemwomba.

Jumamosi ya wiki ya sita, saa sita mchana, Fundi alifika kwenye wavu wa wageni. Nyuma ya wavu kulikuwa na ukumbi mdogo wa saruji, mlango wazi, wanawake wakipita na madumu. Chiriku akaja. Alikuwa amefunga kichwa kitambaa kama mke wa mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula? Wanakupiga? Unalala wapi? Niambie."

"Sipigwi. Kulala, tunageuka kwa zamu. Mmoja akigeuka, wote tunageuka."

Fundi alisubiri. Zamani hapo yangefuata maneno ya saa nzima: nani anakoroma, nani alisema nini. Hayakuja.

"Mbona kimya hivyo?"

"Humu ukiongea sana unaongezewa deki."

"Wiki ijayo gari linatoka gereji. Nimeongea na mtu. Nitakwenda tena ustawi, nitakwenda kwa hakimu nyumbani kwake ikibidi, nitakaa mlangoni..."

"Mama." Mtoto alisema taratibu, sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. "Usihangaike. Kaa ushone. Wadogo zangu watakula nini?"

Fundi akashika wavu kwa mikono miwili.

Ndani mtu aligonga bakuli la bati. Wanawake wakakaa chini kuzunguka sinia moja, wakasogea, wakaacha nafasi ya mtu mmoja, ndogo, ya magoti mawili tu. Chiriku akaenda. Akanawa, akamnawisha mwanamke mzee aliyekuwa kushoto kwake, akakaa, akakunja miguu, akanyoosha mkono.

Kisha akageuka, akaona mama yake bado amesimama pale pale. Mkono ukabaki hewani. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumeza tonge na mtu mwingine amesimama mlangoni pake.

"Sogeeni kidogo," aliwaambia wenzake. "Nina mgeni."

Akaipangusa saruji kwa upande wa gauni, akamtazama mama yake kupitia wavu.

"Karibu ndani, mama. Tunakula."