Nani Alisema Claudine Amekufa?

Alama zilikuwa tano. Adolphine aliuinua mkono wa binti yake juani, akaugeuza huku na huku, akahesabu tena. Meno matatu juu, mawili chini, na kati ya yale mawili palikuwa na nafasi safi isiyoguswa kabisa. Watoto wenye meno walijaa mtaa mzima wa Kamalondo, lakini mwenye pengo la namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye alikaa upande wa pili wa ua.

"Ni Claudine njo alikuluma?"

"Ndiyo, Mama," akajibu Mado, machozi na kamasi vikishindana kufika kidevuni.

"Ulimufanya nini?"

"Hakuna."

Kila mama anajua kwamba "hakuna" ya mtoto wa miaka saba ina mambo mengi ndani yake. Siku nyingine Adolphine angeichimba mpaka mwisho. Siku hiyo alikuwa ameshinda akifua mashuka, jua la mwezi wa nane lilikuwa limempanda kichwani, na mkono wenye meno ulikuwa wa kitindamimba wake. Akajifunga kitenge upya, kwa nguvu, namna anavyojifunga mwanamke anayekwenda kusema. Akamshika Mado kwa ule mkono mzima, wakatoka.

Mama yake Claudine aliitwa Honorine, fundi wa kushona, mtu wa Kasai. Yeye na Adolphine walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka sita, wakiazimana ungo, chumvi, makaa ya moto, na mara nyingine hata hasira juu ya waume zao. Mwaka huo binti zao walikuwa wapokee komunyo ya kwanza pamoja, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa, na sista wa parokia alikuwa amewapanga kusimama wawili wawili, Mado na Claudine, kwa kuwa walilingana kimo. Zilibaki siku tisa. Kitambaa cheupe cha gauni la Mado kilikuwa kwa Honorine, kimeshakatwa.

Adolphine hakufika mlangoni. Honorine naye alikuwa ametoka, kitenge kimekazwa vilevile, Claudine nyuma yake. Wakakutana katikati, kwenye robine, lile bomba la maji la mtaa wote, mbele ya wanawake kumi na ndoo zao.

"Mama Claudine, tazama mukono ya mutoto wangu!"

"Mama Mado, ni miye nilikuwa nakuya kwako! Mutoto wako alisema nini kwa wangu?"

"Meno haisemake! Meno inaluma!"

"Alimuambia amekufa! Claudine alimupa kalanga, mukono muzima ya kalanga, nilizikaanga miye mwenyewe, na yeye akamuambia, umekufa!"

Adolphine akamgeukia binti yake. "Mado. Ulisema Claudine amekufa?"

Mado alitoa macho. "Hapana, Mama! Nitasema vile juu ya nini? Iko muzima. Njo maana aliniluma."

Wanawake wa robine wakacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ugomvi wa watu wawili unaweza kuzimwa kwa neno moja la upole, lakini ukishapata watazamaji, kila mmoja anataka kuondoka na ushindi. Adolphine alisema mtoto wake hasemi uongo. Honorine alisema wa kwake haumi watu bure. Adolphine akasema mtoto anayeuma afungwe kamba. Honorine akasema mtoto anayewatakia wenzake kifo asipewe Yezu. Ndoo zilijaa na kumwagika bila mtu kufunga bomba.

Mwisho Honorine alishusha sauti. Hilo lilikuwa baya kuliko makelele yote.

"Maneno kama hii, mutoto haitoe mu kichwa yake. Anaikamata mu nyumba."

Akamshika Claudine bega, akarudi kwake.

Adolphine alibaki amesimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alielewa vizuri. Bendera ya Katanga iliyojitenga, yenye misalaba mitatu ya shaba, ilikuwa imepepea mwaka mzima sasa, na pamoja nayo yalikuja maneno ya nani ni mwenye nchi, kama Adolphine, na nani alishushwa na treni, kama Honorine. Watu wa Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao kwenyewe hawakukujua. Floribert, mume wa Honorine, karani mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mtaani, alikuwa ameachishwa kazi na kurudishwa nyumbani na kofia yake. Tangu hapo kila chakula alikuwa akisema, tufunge vitu, tuondoke. Na kila chakula Honorine alimjibu: "Tutaenda wapi? Hapa tuko na Mama Mado."

Adolphine alikuwa amelisikia jibu hilo kupitia ukutani, si mara moja. Alikuwa analipenda. Wakati mwingine alisimama karibu na ukuta makusudi.

Vita baridi vikaanza. Adolphine alifagia uwanja wake kuelekea kwa Honorine, Honorine akafagia wake kuelekea kwa Adolphine, vumbi lilelile likawa linasafiri kutwa. Kuku wa Adolphine alipovuka ua alirudishwa bila kuambiwa neno, naye alikuwa amezoea kupewa makombo. Salamu zilitolewa kwa ukuta. Honorine akimsalimia jirani wa tatu, alipaza sauti ili jirani wa pili ajue hakusalimiwa.

Casimir, mume wa Adolphine, aliporudi kutoka karakana ya reli na kusikia yote, alinawa mikono kwanza.

"Donc munapigana juu ya meno ya maziwa," akasema. "Meno yenyewe itaanguka mbele ya Noeli."

"Kula bukari yako."

Akala ugali wake. Pembeni, Kunda, mama yake Adolphine, alikuwa anamwonyesha Mado namna ya kupokea sahani. Bibi huyo alikuwa ameshuka kutoka Kabongo, kule kaskazini, mwezi mmoja tu uliopita, akakuta wajukuu wanaongea Kiswahili kitupu na kupokea vitu kwa mkono wa kushoto. Karibu alie. Alikuwa ameapa kwamba hatarudi kabla Mado hajajua walau kupiga magoti, kupiga makofi na kushukuru kwa Kiluba kama mtoto wa watu. Mado alikuwa mwanafunzi mwema. Alishukuru kwa maji, alishukuru kwa chumvi, juzi alikuwa amemshukuru mbuzi aliyempisha njiani.

Siku ya tano Adolphine aligundua kitu kinachokosekana. Mashine ya Honorine ilikuwa kimya. Miaka sita ilikuwa ikilia nyuma ya ukuta tangu asubuhi, na hakujua kwamba anaisikiliza mpaka iliponyamaza.

Siku ya saba Casimir aliingia akikuna kichwa. "Floribert alikuya kuniomba kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kufunga vintu. Anasema Mama Claudine ameitika kuondoka."

Adolphine aliweka mwiko chini. Aliogopa, na si kwa ajili ya gauni, ingawa gauni nalo lilimpitia kichwani, tusimsingizie utakatifu. Aliogopa kwamba Honorine ataondoka Lubumbashi na kwenda kuwasimulia watu huko aendako: nilikuwa na jirani, nilifikiri ni ndugu, siku moja mtoto wake alitutakia kifo. Maneno hayo yangeishi huko miaka yote na Adolphine asingekuwepo kuyajibu.

Kesho yake, siku moja kabla ya sikukuu, alijifunga kitenge tena, mara hii bila kukikaza. Hakumchukua Mado. Hakupita kwenye robine. Alipita nyuma, kwenye tundu la ua ambalo watoto walikuwa wamelipanua miaka yote sita, na mwili wake wa mama wa watoto wanne ukakwama kidogo kiunoni. Njiani alikuwa amepanga hotuba. Atasema pole. Hatataja meno.

Honorine alikuwa amekaa juu ya sanduku. Mashine ilikuwa ndani ya kisanduku chake cha mbao, imefungwa kwa kamba ya Casimir. Na juu ya meza, peke yake, lilikuwa gauni jeupe, limepigwa pasi, na shingoni lina lesi ambayo Adolphine hakuwahi kuileta.

"Nilimaliza na mukono," akasema Honorine bila kumtazama. "Mashini ilikuwa imeisha kufungwa. Mutoto atapokea Yezu na robe yake. Siye bakubwa, tutasemezana na Mungu siku ingine."

Akalikunja, akamwekea mikononi.

Hotuba yote ilimtoka Adolphine. Aliona mishono midogo, iliyolingana, mamia yake, iliyoshonwa na mtu mwenye hasira ambaye hata hivyo hakukosea hata mmoja. Mwili wake, uliokuwa umesikia mafunzo ya bibi mwezi mzima, ulimtangulia. Akakunja magoti, akapiga makofi mawili ya taratibu, na neno la utotoni likaja lenyewe.

"Wafwako."

Honorine aliruka kutoka kwenye sanduku.

"Ata weye!" Mkono kifuani. "Ata weye, Mama Mado! Mu nyumba yangu! Na robe mu mukono!"

"Nimesema nini?"

"Umesema nimekufa!"

"Nimesema aksanti!"

Walitazamana. Kuku wa Adolphine, aliyemfuata bosi wake kupitia tunduni, aliingia na kuanza kutafuta makombo.

"Mama Claudine," Adolphine akasema polepole. "Siku ile ya kalanga. Mado alipiga magoti?"

"Alipiga."

"Na makofi?"

"Na makofi! Claudine alinionyesha. Kabisa kama mutu iko anazika!"

Adolphine akakaa chini, kwenye sakafu, gauni mapajani. "Ni mama yangu," akasema. "Ee Mungu wangu, ni mama yangu na adabu yake."

Na akamweleza. Kwao, kwa Baluba wa Katanga, mtu akipewa kitu hushukuru hivyo, "wafwako", mkubwa kwa mdogo, na hakuna anayewaza kaburi. Kwa akina Honorine, Baluba wa Kasai, masikio yanakamata "wafwa" na hayasubiri zaidi, maana huko "kufwa" ni kufa na mambo yameisha. Lugha mbili za ukoo mmoja, zinazofanana kiasi cha kutosha kugombanisha watu. Wanawake wawili walikuwa wamekaa miaka sita, wote wakiitwa Baluba, wakiongea Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewahi kumshukuru mwenzake kwa lugha ya kwao.

Honorine alianza kucheka puani, akajizuia, akashindwa. "Donc beye munashukuruka bantu na kifo?"

"Njo vile. Sijawaza ata siku moja."

"Na kama mutu amekufa kweli, munamuambia nini? Karibu?"

Walicheka mpaka Honorine akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio kwa wote wawili, na hakuna aliyejali. Claudine aliitwa. Alikuwa amelala kitandani kwa mama yake siku nane, akisubiri kufa, na akitoa kila asubuhi mashaka mapya kuhusu tumbo lake.

"Sitakufa?" akauliza.

"Hufi."

Akafikiri. "Basi nilimuluma bure."

"Bure kabisa."

Alipelekwa kwa Mado, akamnyoshea mkono wake mwenyewe, ili naye aume, deni liishe. Mado aliukagua mkono kwa makini, juu na chini.

"Iko na vumbi," akasema, akakataa.

Kesho yake walipita wawili wawili, weupe kama maziwa, na Claudine alitabasamu na pengo lake mbele ya padri mzima. Mashine ikatolewa kisandukuni. Ikalia tena nyuma ya ukuta.

Ililia siku kumi na moja. Kisha vijana wenye fimbo walianza kupita mtaa mmoja baada ya mwingine wakiuliza nani ni wa wapi, na watu wa Kasai wakaanza kuondoka na magodoro vichwani, kwenda kulala uwanjani karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Floribert hakusema tena tufunge. Alifunga tu. Honorine alipita kwenye tundu la ua kwa mara ya mwisho.

"Si juu yako," akamwambia Adolphine.

"Najua."

"Nataka ujue muzuri."

"Najua muzuri, Mama Claudine."

Casimir alisaidia kuipandisha mashine kwenye lori. Lori lilikuwa limejaa watu, masanduku, na ukimya wa watu wasiotaka kutazamana. Lilipoanza kusogea, Claudine alipanda juu ya kisanduku cha mashine, akakunja magoti alivyoweza, akapiga makofi mawili.

"Mado! Mama Mado! Wafwako!"

Lori zima liligeuka. Mzee mmoja alivua kofia. Mama mmoja akapiga ukelele, "Nani? Nani amekufa?" na mwingine akaanza kuhesabu watoto wake. Honorine alisimama katikati yao, machozi yakimtiririka, akicheka na kupunga mikono yote miwili.

"Hakuna mutu alikufa! Ni aksanti! Kwabo banasemaka vile! Ni aksanti!"

Alikuwa bado anawaeleza lori lilipopinda kona.

Adolphine alibaki barabarani na kitenge mdomoni. Kando yake Mado alikunja mkono wa gauni, akautafuta ule mkono ulioumwa, akaugeuza juani huku na huku kama alivyofanya mama yake. Hapakuwa na alama hata moja.

"Mama," akasema, "imepona," na ndipo akaanza kulia, kuliko siku ile aliyoumwa.